Hakimu Aliyevuta Miche

Fundi cherehani anasema aliona kwa macho yake mawili, wala hakuhadithiwa na mtu. Anasema wiki moja kabla ya kesi kusikilizwa, gari la mwenye shamba lilisimama penye kitalu cha miche asubuhi kweupe, akashuka mwenye shamba, na nyuma yake akashuka hakimu mwenyewe, bila joho, na shati nje. Hakimu akachuchumaa, akaushika mche wa mparachichi shingoni kama mtu anayekamata kuku, akavuta. Mfuko ukang'ang'ania ardhi. "Akavuta mwingine! Na mwingine! Mwenye shamba anahesabu, hakimu anaandika kiganjani!" Kila akisimulia, fundi huinuka kitini na kuchuchumaa vilevile, na wateja hucheka hadi wakasahau vipimo vyao.

Binti wa mwenye kitalu hakucheka. Yeye na baba yake walikikodi kipande kile cha shamba kwa miaka kumi, na mkataba ulisema miche ya mifukoni tu, hakuna kupanda ardhini. Ndiyo maana kila mwezi mifuko huinuliwa, mizizi iliyotoboa chini ikakatwa kwa mkasi, kisha mifuko ikarudishwa. Baba alipolazwa, binti alikaa naye hospitalini miezi miwili, anamlisha na kumgeuza. Mtu wa kumwagilia walimpata. Wa kuinua hawakumpata. Mizizi haikungoja, na mwenye shamba akaenda kushtaki kwamba wamepanda shambani mwake kinyemela.

Hukumu ikasema watoke, kwani "mifuko arobaini na mitatu imeota ardhini." Binti aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno, na kidole kikagoma hapo. Alikuwa mahakamani siku zote za kesi. Hakuna shahidi aliyetaja arobaini na mitatu. Hata mwenye shamba alisema "mingi" tu. Akaandika malalamiko.

Karani wa ofisi ya malalamiko dhidi ya mahakimu aliyasoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Umeandika vizuri, dada. Ulimwona wewe?"

"Alimwona jirani yetu, fundi cherehani."

"Basi jirani aje aape. Hapa mdomo haupigwi muhuri."

"Asipokuja?"

"Kesho Ijumaa nafunga faili. Akija, hakimu ataitwa kujieleza, na nyinyi mtapata sababu ya kuomba msihamishwe kwanza. Zaidi ya hapo sina la kukudanganya."

Kutoka pale binti alikwenda moja kwa moja kibarazani kwa fundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba anaendeleaje?"

"Anaweza kukaa kitandani sasa. Anauliza kama miche tumeinua."

"Mwambie ndiyo. Mgonjwa hadanganywi, anabembelezwa."

Binti akatoa karatasi. "Nimeandika yote kama ulivyosimulia. Kilichobaki ni wewe kuapa kesho."

Fundi aliitazama barabara kwanza, huku na huku.

"Mimi nilisema ni hakimu?"

"Ulisema, mama. Ukachuchumaa kabisa."

"Labda alikuwa fundi bomba."

"Fundi bomba anayeandika mizizi kiganjani?"

Fundi akacheka, kicheko kikafia njiani. Akashusha sauti. "Hiki kibaraza unajua ni cha nani?"

Binti hakujua. Alipouona uso wa fundi, akajua: cha mwenye shamba.

"Jana alipita hapa. Hakusema neno baya hata moja. Aliniuliza tu mashine yangu ina uzito gani, kama mtu mmoja anaweza kuibeba. Nitaipeleka wapi, mwanangu?"

Binti alikuwa na miche elfu tatu na baba asiyeweza kusimama, na yeye pia hakuwa na pa kuipeleka wala pa kumpeleka. Alilaza karatasi mezani, kando ya chaki, akaweka kalamu juu yake.

"Mama, nakuomba. Andika jina lako, na kesho saa tatu twende wote."

Fundi akavuta kitambaa, akakanyaga mashine, akashona mshono mrefu hadi pindo la nguo, akaigeuza, akaendelea kushona, kalamu hakuigusa.