Ua la Tano la Balozi

Mambo yaliharibika siku ya Ijumaa, tarehe tisa Mei mwaka 1975, sikukuu ya Ushindi, mchana kweupe, makaburini. Mpaka asubuhi ya siku hiyo Nikifor Zavyalov, mchochea tanuri wa bafu la mvuke la umma mjini Berezhki, alikuwa mgane kama wagane wengine. Alikuwa na kaburi la mkewe Taisia, uzio wa chuma alioupaka rangi ya buluu kwa mkono wake mwenyewe, benchi la kukalia, na nafasi tupu ubavuni mwa marehemu, ambayo alijiwekea yeye. Wako waliopewa magari na serikali, wako waliopewa nyumba za mapumziko kando ya bahari. Yeye alikuwa na hiyo nafasi tupu, na ilimtosha.

Asubuhi ile alisimama uwanjani na askari wazee wenzake, akimtazama Valerian Ignatyevich Stozharov juu ya jukwaa. Stozharov alikuwa balozi. Alirudi likizo kutoka nchi za nje, amevaa suti ya kijivu ambayo fundi wa Berezhki hata kuiota hawezi, na nishani zimemshuka karibu na mkanda. Umri wao ulikuwa mmoja, lakini mwenzake meno yote yalikuwa bado mdomoni.

“Mtazame, Potapich,” Grunya alimwambia Nikifor, akimwita kwa jina la baba yake. Grunya alikuwa mama mnene aliyeuza tikiti mlangoni mwa bafu, na mdomo wake haukuwahi kupumzika. “Anang'aa kama samovari ya kuchemshia chai ya harusi.”

“Samovari haijisugui yenyewe. Kuna wengine wanaoisugua.”

“Wivu huo.”

“Wivu wa nini? Huyo nimemlisha mimi. Hiyo sauti anayopigia makelele imetoka kwenye uji wangu.”

Na hilo lilikuwa kweli. Vitani walikuwa kikosi kimoja. Stozharov alikuwa kamisaa wa siasa, kazi yake kuwaeleza watu kwa nini wanakufa. Nikifor alikuwa mpishi, kazi yake kuhakikisha hawafi na njaa kabla ya hapo. Taisia alikuwa binti wa simu, anabeba waya mgongoni kwenye matope. Jioni, mizinga ikinyamaza, kamisaa alikuja kwenye jiko la kukokotwa na farasi kuomba chai. Hakuomba kikombe kimoja, aliomba viwili. Nikifor alivijaza vyote, akatia sukari kimoja tu, akasema, “Hiki ni cha Taisia.” Huo ndio ulikuwa ushindi wake wote katika vita ile.

Vita ilipokwisha, Stozharov aliitwa Moscow kusomea mambo ya nchi za nje. Mtu wa namna hiyo faili lake lazima liwe jeupe kama shuka la hospitali ya wakubwa. Taisia lake halikuwa jeupe. Baba yake, kwa kosa la kuwa na ng'ombe wawili na paa la bati, aliitwa kulaki, yaani mkulima tajiri adui wa umma, akanyang'anywa vyote, akapelekwa Siberia na hakurudi. Kwa hiyo kamisaa alipanda treni peke yake. Vuli ile ile Taisia aliolewa na Nikifor. Faili la mpishi, nani ana haja ya kulisoma?

Hapo ndipo wivu ulipofanya kiota. Nikifor alisoma madarasa manne tu, basi Taisia ndiye aliyekuwa akimsomea gazeti wakati yeye anakunywa supu ya kabichi. Wakasoma kwamba Stozharov amekuwa katibu wa ubalozi. Wakasoma amekuwa mshauri. Mwisho wakasoma balozi, na picha juu yake, anapeana mkono na mfalme fulani mwenye mandevu. Habari za mavuno ya viazi Taisia alizisoma kwa sauti ya juu, akizicheka. Akifika kwenye jina lile alisoma polepole, sauti haipandi haishuki, kama mtu anayevuka mto juu ya barafu nyembamba. Nikifor aliinamia bakuli lake, na supu ilikuwa haimezeki.

Kisha moyo wa Taisia ukaanza kuchoka. Kitanda kwenye hospitali ya mkoa kilikuwepo, ila kilikuwa kinamngoja mama mkwe wa mtu wa kamati ya chama, ambaye hata kuumwa alikuwa bado hajaanza. Taisia akalazwa koridoni, karibu na ndoo. Grunya alimwambia, “Mwandikie balozi! Dawa za nje zitakuja na ndege.” Taisia, midomo imekwisha kuwa ya buluu, alijibu, “Atakayethubutu, sitamsamehe.” Alikufa siku chache baadaye. Waliokikalia kitanda kile wanakunywa chai mpaka leo. Na Nikifor alibaki na maneno yale bila kujua ayaweke wapi, kwa sababu mwanamke hukataa kumwomba mtu aliyemsahau, na hukataa pia kumwomba mtu asiyeweza kumsahau.

Basi, hotuba zilipokwisha uwanjani, Nikifor na Grunya walikwenda makaburini kama kila mwaka. Nikifor alimimina vodka kwenye glasi ndogo, akaifunika kwa kipande cha mkate mweusi, akaiweka miguuni pa Taisia. Wakamenya mayai. Ndipo gari jeusi likasimama langoni, akashuka Pryakhin, katibu wa chama wa mji, tumbo mbele.

“Zavyalov! Ndugu balozi amekuja kumwona askari mwenzake.”

“Anione basi. Nipo.”

“Sio wewe,” alisema Pryakhin.

Nyuma yake alikuja Stozharov, kofia mkononi, na tulipu nyekundu zimefungwa kwa karatasi ya gazeti.

“Salama, Nikifor. Siku nyingi.”

“Nikifor Potapovich,” alimsahihisha.

“Nikifor Potapovich. Uji wako naukumbuka mpaka leo.”

“Na chai?”

Balozi aliitazama ile glasi yenye mkate. “Na chai.”

Aliinama, akaifungua karatasi, akayaweka maua juu ya udongo, moja moja. Nikifor aliyahesabu, Grunya aliyahesabu, Pryakhin naye aliyahesabu. Kule Berezhki hata mtoto wa chekechea anajua kwamba aliye hai hupewa maua ya witiri, matatu au matano, na maiti hupewa ya shufwa. Hakuna anayekosea, kwa sababu kumpelekea aliye hai maua manne ni kumtakia kifo.

Yalikuwa matano.

“Mama yangu!” Grunya alijipiga ishara ya msalaba, chama kisichopenda misalaba kikiwa kimesimama mbele yake.

Pryakhin alichuchumaa haraka, akachomoa moja, akalificha nyuma ya mgongo. “Wauza maua wa siku hizi, ndugu balozi, hawajui hesabu. Nitalishughulikia.”

“Lirudishe,” alisema Stozharov bila kugeuka.

“Lakini ndugu balozi, desturi…”

“Lirudishe, Pryakhin.”

Likarudishwa, shina limevunjika. Nikifor alikung'uta maganda ya yai magotini. Aliinuka kwenye benchi.

“Valerian Ignatyevich, huko ulikokaa, kaburini mtu anapeleka maua mangapi?”

“Inategemea nchi.”

“Sikuulizi nchi. Nakuuliza wewe.”

Balozi alivaa kofia. Alitazama uzio, akatazama msalaba wa kaburi, akaitazama kwa muda ile nafasi tupu.

“Rangi umeipaka vizuri,” alisema.

Miaka yote ile serikali ilimlipa mtu huyu kwa kazi hiyo hiyo, ya kuulizwa kitu na kujibu kingine, na hakika mshahara wake haukwenda bure. Akanyoosha mkono. Nikifor hakuushika, lakini mgeni wa marehemu haondoki bila kula, basi akamtilia yai kwenye kiganja. Stozharov alilimenya, akalila akiwa amesimama, taratibu, mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu. Lakini siku ile upepo wa mto uitwao Kama ulikuwa mkali, na macho ya Pryakhin yalikuwa mekundu vilevile.

Gari lilipoondoka, Grunya ndiye aliyeanza.

“Amesahau tu, Potapich. Mtu akikaa nje miaka yote hiyo anasahau hata jina la mama yake.”

“Mbona alikataa litolewe?”

“Wakubwa hawapendi kusahihishwa. Wewe mwenyewe nikikwambia chumvi imezidi, unaninunia wiki nzima, na si balozi, unachochea kuni tu.”

“Au anakumbuka vizuri kuliko sisi wote.”

“Kama linakuchoma, litoe!”

Nikifor aliinama, akalishika lile lenye shina bovu. Akilitoa, amekiri kwamba ameliona na limemuuma. Akiliacha, mkewe analala ndani ya uzio alioupaka yeye, akiwa na maua ya mwanamke aliye hai, kutoka kwa mwanamume mwingine. Alilitoa. Akalirudisha. Akalitoa tena. Grunya akasema anakwenda zake nyumbani, hawezi kumtazama mtu mzima akicheza na ua.

Jumatatu dereva wa Pryakhin alikuja bafuni, akakaa kwenye mvuke, na Nikifor akamchapa mgongo kwa matawi ya mti wa mbetula, kama ilivyo desturi ya bafu, mpaka akalegea. Akamuuliza maua yalinunuliwa wapi. Yalinunuliwa sokoni, alisema dereva, kwa bibi mwenye kilemba cha kijani, na balozi alishuka mwenyewe.

Nikifor alifunga tanuri kabla ya saa zake, akaenda.

“Namkumbuka,” alisema bibi yule. “Suti ya kijivu. Aliniambia nibaki na chenji.”

“Ulimuuliza maua ni ya nani?”

“Namuuliza kila mtu, baba. Ya aliye hai au ya marehemu? Bila kuuliza nitafungaje?”

“Akasemaje?”

Bibi alipanga tulipu zake ndani ya ndoo. “Alikaa kimya. Nikamuuliza mara ya pili. Akasema, ‘Ya mwanamke.’ Nikaona huyu ni mtu mkubwa, nisimsumbue. Nikampa matano.”

Nikifor hakurudi kazini. Alipanda kilima mpaka makaburini, akaufungua mlango wa uzio, akakaa kwenye benchi. Maua yalikuwa yameanza kulala, yote matano, na udongo wa ile nafasi tupu ulikuwa umekauka kwa jua. Hakuwahi kumuuliza Taisia alipokuwa koridoni karibu na ndoo, wala mezani gazeti likiwa mkononi mwake, wala vuli ile alipokubali kuolewa na mpishi. Aliuliza sasa, kwa sauti, na kunguru juu ya mti akageuza kichwa.

“Taisia, siku nikija kulala hapo ubavuni pako, nitakukuta uko peke yako?”