Kisanduku cha "Niulize Kwanza"

Kijiko kilianza kugongagonga kikombe gizani, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Nilijua ni simu yangu, niliyoiacha mezani imeegemea kikombe, inatetemeka. Nikamsogelea binti yangu wa miaka minne chini ya shuka, nikatabasamu. Watu wameamka na kazi zetu, nikajiambia. Hatimaye.

Mama yangu ni fundi wa nguo za kike, na chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake. Mimi nilisoma kompyuta darasa la jioni, mtoto amelala mapajani, mpaka wenzangu wakanibandika jina la Mkurugenzi. Somo la mwisho lilikuwa kutengeneza tovuti, nikatengeneza ya Mama. Yeye aliiita duka langu la hewani, akauliza kama na huko wateja huja kupima halafu wakasema watarudi kesho.

Kupandisha kila picha mara tatu, kwenye tovuti na kwenye kurasa zetu mbili za mtandaoni, kulinichosha. Nikapata huduma ya bure inayoziunganisha zote: picha nikiiweka tu kwenye albamu ya simu niliyoiita Kazi, inakwenda yenyewe kila mahali. Mkufunzi wetu alikuwa ametuonya tusiondoe alama kwenye kisanduku cha "Niulize kwanza". Lakini ile huduma iliniuliza nikiwa napika, ikaniuliza nikiwa namwogesha mtoto. Siku ya nne nikaiondoa alama.

Mama ana desturi yake. Nguo ikikamilika huigeuza ndani nje na kupitisha kidole kwenye kila mshono. Mimi nikaongeza la kwangu: kuipiga picha vile vile ilivyogeuzwa, na karatasi ya jina la mteja imebanwa kwa pini, ili akirudi kupunguziwa au kuongezewa tujue palishonwaje. Mama alisema yote hayo anayo kichwani. Nikamjibu kwamba kichwa nacho huzeeka. Alicheka.

Na picha hizo za ndani nilikuwa naziweka kwenye albamu ile ile.

Kijiko hakikunyamaza, nikainuka. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na gauni la bluu limegeuzwa, upande wa kushoto wa kifua pana sponji iliyoshonewa kwa ustadi, na karatasi yenye mwandiko wangu: Mama Kwaya. Chini yake mtu ameandika, "Kumbe ndiyo maana hatoki bila mtandio." Mwingine ameweka alama ya kicheko.

Mama Kwaya ni rafiki wa Mama tangu usichana wao, na ndiye anayeongoza waimbaji, mikono juu, mbele za watu. Ile sponji mimi niliiona kama ninavyoona zipu. Sikujiuliza kwa nini iwe upande mmoja.

Nilifuta picha kwenye tovuti, ikabaki kwenye kurasa. Nikafuta huko pia, lakini waimbaji walikuwa wameshatumiana. Ndipo nikamwamsha Mama.

Aliitazama simu. Hakunifokea, na heri angenifokea. Aliniambia kwamba mwenzake alikatwa titi miaka sita iliyopita, kwamba hata wanawe wa kiume hawakuambiwa, na kwamba yeye, fundi wake, hajawahi kuviandika popote vipimo vya mwenzake.

"Ulidhani siandiki kwa sababu sijui kalamu?" akasema.

Kulipokucha tulikwenda kwake. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima: kisanduku, alama, huduma ya bure. Mama Kwaya alitufungulia kabla hatujabisha, amevaa kanga, bila mtandio. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaanza kueleza, nikasikia jinsi maelezo yangu yalivyokuwa yanatafuta wa kumtwika lawama, nikayaacha katikati.

"Nisamehe, Mama mkubwa. Ni mimi," nikasema.

Alinishika mkono, akaniambia najua sana mambo na nitafika mbali. Neno hilo alilisema bila kejeli, ndiyo maana linaniuma hadi leo. Kisha akamgeukia Mama.

"Itoe ile sponji, dada. Jumamosi, kwaya ikiimba, nitasimama mbele hivi hivi. Nisije nikaonekana nawaficha walichokwisha kukiona."

Mama akamsihi akubali kuwekewa angalau nyembamba. Akakataa. Akasema jambo moja zaidi, kwa sauti ya chini, kwamba gauni litakalofuata atatafuta fundi mwingine, si kwa hasira, ila kila akivua nguo apimwe atakuwa anatafuta kwa macho simu yangu ilipo.

Tulirudi nyumbani. Niliitenganisha tovuti na kurasa zote, kazi ya dakika mbili. Mama aliniambia nisiifunge, elimu yangu haina kosa, ila picha za ndani nisipige tena. Kisha akaketi kwenye kiti chake, gauni la bluu mapajani, akaanza kufumua mshono mmoja mmoja kwa ncha ya wembe, polepole kuliko alivyowahi kufumua kitu. Alipomaliza aliivisha sanamu ya kupimia gauni hilo, akalivuta mabegani, akarudi nyuma kulitazama. Mimi nilikuwa mlangoni, sikuthubutu kuingia.

Binti yangu akapita chini ya mkono wangu, akasimama mbele ya gauni, akaligusa kifuani, upande wa kushoto.

"Bibi, huku hakuna kitu."