Rubani Ndani ya Treni

Kwa zaidi ya miaka thelathini, kazi ya Sixten Hallgren, rubani wa ndege za abiria, ilikuwa kuwapeleka Waswidi juani. Kila kiangazi aliwapakia weupe kama maziwa, na baada ya wiki akawarudisha wamebabuka pua. Aliipenda kazi hiyo. Hata baada ya kustaafu, akiwa anakata nyasi nyuma ya nyumba yake mjini Malmö, ndege ikipita ilikuwa lazima asimame, aitaje aina yake kwa sauti, ndipo aendelee.

Binti yake wa pekee, Tuva, alikuwa mwalimu wa sayansi, na alikuwa ameapa kutopanda ndege tena. Kila Agosti wazazi wake walikwenda Ziwa Garda, kule Italia, kwenye nyumba ileile waliyokuwa wakiipanga tangu Tuva akiwa mtoto. Yeye akawa anabaki. Alisema hawezi kuwaambia wanafunzi habari za barafu inayoyeyuka kwa moshi wa ndege na magari, halafu shule ikifungwa akimbilie uwanja wa ndege. Sixten alilichukulia jambo hilo kama tusi lililotupwa kwake mwenyewe. Wakikutana kwa chakula cha Jumapili, walizungumza habari za mvua na bei ya viazi, basi.

Mkewe, Maj-Lis, ndiye aliyechoka kwanza.

"Mwaka huu mimi siendi Garda," alisema asubuhi moja huku akipaka siagi mkateni. "Mgongo unanisumbua. Utakwenda na Tuva, kwa treni. Tiketi nimeshakata."

"Treni? Mpaka Italia? Mama Tuva, una homa?"

"Mwenye homa ni wewe, homa ya kiburi. Na msinirudie hapa bado mmenuniana."

Mgongo wake ulikuwa mzima kabisa, na Sixten alilijua hilo. Lakini kubishana na Maj-Lis ni kujichosha bure.

Waliondoka alfajiri, baba na binti, na mfuko wa mayai ya kuchemsha, mikate ya jibini na chupa ya kahawa. Walivuka daraja refu la kuingia Denmaki kabla jua halijapanda. Sixten hakuacha kutazama saa yake. Walipofika Kopenhageni, akasema kwa ndege sasa angekuwa ameshapita Ujerumani. Walipovuka mpaka wa Ujerumani, akasema sasa angekuwa ziwani, miguu majini.

"Baba," Tuva alisema, "ukisema tena sasa ungekuwa wapi, nakushusha hapa hapa, ukae na ng'ombe wale."

Sixten akacheka bila kutaka. Kicheko kilimwachia nafasi ya kusema lililokuwa likimkaba, na treni ilipotoka Hamburg akalisema.

"Unadhani mimi sijui? Nilipoanza kazi, milima ya Alpsi ilikuwa na weupe mwingi hata katikati ya Agosti. Mwaka wa mwisho ilikuwa mawe matupu. Nimeyaona kwa macho yangu. Sihitaji mwanangu anionee aibu."

"Aibu?" Tuva aliweka chini yai alilokuwa akilimenya. "Nani kakuambia nakuonea aibu?"

"Si unakataa kusafiri nasi?"

Tuva aligeuka kutazama nje.

"Nilipojifunza kuogelea, wewe ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Nilipovunjika mkono?"

"Tuva, nilikuwa kazini. Kiangazi ndiyo ilikuwa..."

"Najua. Ulikuwa unawapeleka watoto wa watu baharini. Mimi nilianza kuzichukia ndege kabla sijajua habari ya moshi wake, Baba. Moshi niliujua baadaye, na huo ni kweli. Lakini aibu? Hapana. Darasani kwangu hakuna asiyejua kwamba baba yangu ni rubani."

Sixten alimimina kahawa, akampa binti yake kikombe, treni ikayumba na nyingine ikamwagika juu ya suruali yake. Wakaifuta pamoja. Kisha akamwomba amsimulie siku ile aliyovunjika mkono, tangu mwanzo, asiruke kitu. Naye akamsimulia.

Alasiri treni ikasimama mjini Fulda, katikati ya Ujerumani, na haikuondoka. Dhoruba ilikuwa imeangusha miti juu ya reli kuelekea kusini, na abiria wakaambiwa washuke, hakuna safari mpaka kesho. Watu walijaa jukwaani na masanduku yao, mvua ikiwapiga ubavuni. Mtoto mmoja kutoka Denmaki, aliyekuwa na wazazi wake, alilia mpaka akapata kwikwi. Tuva, aliyekataa ndege miaka yote, alikaa juu ya begi lake, nywele zimelowa, akatoa simu.

"Frankfurt si mbali," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna ndege jioni hii ya kwenda Verona, karibu na ziwa, na nafasi zipo. Nimeshindwa, Baba. Twende tu. Nicheke ukitaka."

Hapo ndipo Sixten alipaswa kufurahi. Alikuwa ameisubiri siku hii. Lakini alimtazama binti yake pale chini, akaona kwamba wakipanda ndege ile, usiku huohuo watakuwa wamefika, kila mtu na chumba chake, na mazungumzo yatakuwa yamekatika katikati.

"Funga simu," alisema.

"Baba, umelowa chepechepe."

"Nimelowa, sijafa. Mimi nimeshapaa vya kutosha. Inuka, tutafute pa kula."

Walipata nyumba ya wageni nyuma ya kanisa, wakala viazi na soseji meza moja na mtoto yule wa Denmaki na wazazi wake. Sixten akamtuliza yule mtoto kwa kumfundisha rubani anavyosema anapoomba kutua. Asubuhi, kwenye dirisha la tiketi, alikuwa wa kwanza. Wakaunganisha treni ndogondogo, zile zinazosimama kila kijiji, na kwa mara ya kwanza maishani Sixten akaivuka milima ya Alpsi akiitazama kutoka chini. Alibandika uso kiooni kama mtoto.

Walifika ziwani wamechelewa siku nzima, wananuka jasho na jibini, wakajitupa majini wakiwa na nguo zao.

Vuli ilipoingia, jirani yao mmoja alikuja kuuliza kama kweli mtu anaweza kufika Italia bila kupanda ndege. Sixten akamkaribisha jikoni, akatandaza ramani, akamwonyesha wapi pa kubadilisha treni na wapi pa kupata supu nzuri. Baadaye akaja mwingine, na mke wake. Kiangazi kilichofuata, nyumba tatu za mtaa wao zilikwenda likizo kwa treni. Maj-Lis naye alikwenda, akiwa amekaa katikati ya mumewe na binti yake, akilalamika kwamba wanaongea mno hata hawamwachi alale.