Koko Hakuonja

Mimi sina uvumilivu, na mutu yeyote wa kwetu Kadutu atakuambia hivyo bila kuulizwa. Kwa hiyo mutu akisema vibaya juu ya koko yangu, asingoje nimujibu polepole. Koko Georgette ni mama ya mama yangu, ndiye alinilea tangu ningali ninatambaa. Anauza chakula ku meza yake karibu na soko: bugali, maharagi, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, siku zikipatikana. Hana duka, hana shamba, hana mume. Iko na jina tu. Watu wanakula kwake kwa sababu wanajua mukono wake ni safi, na siku ile ya fainali, mbele ya shule nzima, jina lile lilitaka kuanguka.

Nieleze kwanza, mutu wa mbali asipotee. Kwetu Bukavu watu wanaogopa karuho, ile sumu ambayo mutu mubaya anakutilia mu chakula huku anacheka na wewe. Ndiyo maana mwenye kukupa chakula anaonja kwanza, mbele ya macho yako, kisha anakusukumia sahani. Hakuna anayekasirika, ni heshima tu, kama kunawa mikono. Koko anaonja kila sufuria, hata akinipakulia mimi mujukuu wake. "Koko, unataka kunimalizia nyama?" namuambiaga. Anachekaga, na anaonja tu.

Basi. Timu yetu ya wasichana ya basketi ilifika fainali ya mashule. Mimi Pascaline ndiye meneur, yule anayeleta mupira mbele na kupanga wengine. Niko mufupi wa mwili, si wa maneno. Nilikuwa mwaka wa mwisho, sixième, na kombe lile nilikuwa nalitamani tangu nilipovaa maillot ya timu mara ya kwanza ikinifika magoti. Safari hii tulikuwa tunachezea kwetu, ku uwanja wetu wa simenti unaotazama ziwa, na tulikuwa tunacheza na shule ya Kavumu.

Na Kavumu kuna Camille. Ayi, Camille! Murefu mpaka anainama ku mulango wa darasa. Mwaka uliopita kila mupira nilioutupa aliupiga kofi, kisha ananiinamia na kusema, "Kafupi, pole." Pole! Nililala na ile pole mu kichwa mwaka muzima.

Maman Francine, kocha wetu, alimuomba koko apikie timu zote mbili chakula cha kula match ikiisha. Koko akaja asubuhi na sufuria zake, akakaa chini ya veranda ya madarasa na rozari yake mukononi. Sisi tulifungiwa ndani ya darasa, Maman Francine anatuchorea mishale ubaoni na kutufokea. Hatukuona wageni wakifika.

Walifika saa sita imepita, na hali yao ilikuwa ya kuhurumia. Bus yao ilikwama mu matope pale Mudaka, wakashuka wote na kuisukuma. Walikuwa na matope mpaka magoti, na tangu alfajiri hawakuwa wametia kitu tumboni. Wakaketi ku ngazi karibu na sufuria za koko, wakiangalia pembeni kama watoto waliolelewa vizuri, lakini pua haina adabu. Koko hawezi kuona kitu kama hicho akanyamaza. Akafunua sufuria.

Tulipotoka darasani tukakuta sahani tupu zimepangwa ku ngazi, na wasichana wa Kavumu wanalamba vidole.

"Koko! Chakula kilikuwa cha kisha match!" nikapaza sauti.

"Basi niache wageni wanameza mate mbele ya sufuria yangu? Mimi nilizaliwa mu pori?"

"Hao ndio tunashindana nao, koko!"

"Ni batoto. Wewe enda ucheze."

Sasa, bugali ya koko si ya kuchezea. Ni ya muhogo, nzito, imesongwa na mama ambaye amesonga maisha yake yote. Ukiila unataka kiti, kisha unataka kitanda. Match ilipoanza, wasichana wa Kavumu walikuwa wanakimbia kama mama mwenye mimba anayepanda mulima wa Kadutu na muzigo mugongoni. Sisi tulikuwa tunapita tu. Camille alitaka kuruka anizuie, miguu ikakataa kuachana na simenti. Nikapita chini ya mukono wake, nikatia kikapu, nikageuka.

"Karefu, pole."

Utamu wa neno lile, sitakudanganya, niliusikia mpaka ku meno.

Tulikuwa tunaongoza mbali sana. Halafu, karibu na mapumziko, Camille akasimama katikati ya uwanja, akashika tumbo na mikono miwili, akapiga magoti. Arbitre akapiga filimbi. Mwanaume mumoja wa kofia nyekundu, aliyekuwa amekaa juu ya ukuta, akapaza sauti:

"Karuho! Hawa batoto bamepewa karuho!"

Neno lile likisemwa kwetu, halirudi kinywani. Wamama wakasimama. Wale wa nyuma wakaanza kusukuma wale wa mbele. Papa Fabien, kocha wa Kavumu, muzee mupole kabisa, akapiga magoti pembeni ya Camille na kuuliza watoto wake ni nani aliwapa chakula. Macho yote yakaenda ku veranda. Na kasichana kamoja ka timu yao, bila ubaya wowote, kakasema kwa sauti ndogo, "Koko hakuonja."

Mu mutaa wetu kuna mama aliyeitwa mulozi juu ya kikombe kimoja cha chai. Mpaka leo hakuna anayenunua hata nyanya kwake, na watoto wake wanazunguka kwa njia ya nyuma wakienda shule. Nikaona meza ya koko imepinduliwa. Nikaona koko yangu anapita sokoni na watu wanamupisha njia.

Nilikimbia kuliko nilivyokimbia mu match. Nilifika ku veranda mbele ya wote, mupira ungali mukononi, nikasimama mbele ya koko.

"Mutu akimugusa, namupasua uso! Mimi Pascaline nimesema!"

"Pascaline, adabu," koko akasema nyuma yangu.

"Koko, waambie ulionja."

"Sikuonja."

"Koko!"

"Nidanganye na rozari mu mukono?"

Watu walikuwa wametuzunguka. Koko aliangalia chini, akazungumza kama mutu anayeomba ruhusa. "Tangu jana jioni sijatia kitu mu kinywa, hata maji. Nilimuahidi Bikira Maria nitafunga mpaka filimbi ya mwisho, ili huyu mutoto wangu apate kombe lake. Niliona njaa ya wale wengine, nikasahau kwamba nisipoonja watu watasema."

Koko! Yeye ambaye kila jioni aliniambia basketi ni kukimbia bila mutu kukufukuza! Kumbe tangu jana alikuwa amekaa mbele ya maharagi yake mwenyewe, anasikia harufu, hagusi, kwa ajili yangu. Nilitaka kulia pale pale, na mimi silii mbele ya watu.

"Hayo ni maneno tu," akasema yule wa kofia nyekundu, ambaye alikuwa ameshuka ku ukuta wake. "Aonje sasa, tuone."

Papa Fabien alikuja karibu, kofia mukononi. "Maman, utusamehe. Onja kidogo tu. Hawa ni watoto wa watu, nitawajibu nini wazazi wao?"

Koko akaniangalia mimi. Nilijua anachowaza: tonge iko huku, kombe iko kule, na akila hii, ile imekwenda. Kwake yeye mambo yako wazi hivyo. Ahadi kwa Bikira Maria haichezewi.

"Kula, koko," nikasema. "Kombe iende! Kula!"

Akafunua sufuria. Akakata tonge, akaichovya mu sombe, akaipandisha taratibu, na machozi yake yakaanza kutoka kabla ya tonge kufika kinywani.

Hapo mukono murefu ukapita juu ya kichwa changu. Ule ule uliopiga mipira yangu kofi. Camille, ameinama bado, mukono mumoja tumboni, akamushika koko kiganja.

"Koko, wacha. Usivunje ahadi yako."

"Mutoto wangu, hawa watu..."

"Hawa watu wanisikilize mimi." Akageuka. Uso wake ulikuwa umejaa haya, unajua ile haya ya musichana mukubwa mbele ya wavulana wa shule nzima. "Nilikula sahani tatu. Ya kwanza ilikuwa ya njaa. Ya pili ilikuwa ya sombe, maana sombe kama hii kwetu sijaikula. Ya tatu ilikuwa ya ulafi, basi! Koko alinikataza, nikamuomba tena. Hakuna karuho hapa, kuna mimi na tumbo langu."

Kisha akainama zaidi, akachukua ile tonge ku vidole vya koko kwa kinywa chake, kama mutoto anayelishwa. Akatafuna polepole akimuangalia yule mwanaume machoni, akameza.

Fikiria kidogo. Koko alikuwa anafunga ili Kavumu ishindwe. Na ni Camille wa Kavumu ndiye alikuja kuilinda ile kufunga.

Mutu mumoja akaanza kucheka, na kicheko kikapita uwanja muzima. Papa Fabien akakata tonge, akala amesimama. Arbitre akakata yake. Maman Francine, wasichana wao, wasichana wetu, mimi mwenyewe, kila mutu alitaka aonekane amekula kwa koko. Hata yule wa kofia nyekundu wenzake walimusukuma mpaka akalamba sombe, na alipotaka kuongeza, koko akafunika sufuria. "Wewe, enda ukale kwa mama yako." Lakini hakukuwa na kitu ndani tena. Walikuwa wamemaliza yote.

Match ikaendelea. Sasa kuna jambo moja sikulijua: bugali ikipewa muda, inatoka tumboni inaingia mu miguu. Kavumu waliamka. Camille akaanza kuruka, na mimi na tonge zangu za haraka nikaanza kuhema. Pointi zetu zote walizila moja moja. Tulipofika dakika ya mwisho tulikuwa sawa, na mupira ulikuwa kwa Camille. Niliruka na nguvu zangu zote. Ulipita juu ya vidole vyangu, ukaingia bila kugusa chuma, na filimbi ikalia.

Nilitupa chupa ya maji chini. Nilitukana simenti. Miaka yangu yote pale, na kombe inapanda bus kwenda Kavumu! Halafu nikasikia vigelegele, virefu, vya sauti ninayoijua tangu utoto. Koko alikuwa amesimama mbele ya veranda, mikono juu, anamupigia Camille.

"Koko!" Nilikwenda mbio mpaka mbele yake. "Ulifunga kwa ajili ya nani?"

"Yako."

"Na unapigia nani vigelegele?"

"Yule amekula mu mukono yangu," akasema. "Sasa ni wangu naye. Ungetaka nimunyime?" Na bado machozi yalikuwa yanamutoka, ya furaha, na midomo yake ilikuwa mikavu kabisa.

Nilikuwa na hasira ya kutosha uwanja muzima, lakini nilipoona ile midomo sikuweza kuendelea. Nikamupa maji, akanywa yote bila kupumua. Chakula hakikuwepo. Kwa hiyo mimi, ambaye koko anasemaga sijui kupika, nitamurudisha bwana kwao kwa njaa, nilichukua unga uliobaki, nikaweka maji ku moto. Camille akaja na medali yake shingoni, akachuchumaa, akaanza kupepea moto wa makala na kifuniko cha sufuria. Bus yao ilikuwa inapiga honi. Hakujali.

"Songa na nguvu," akaniambia. "Unaogopa nini?"

"Wewe nyamaza, upepee."

Tulimupelekea koko sahani, na bugali ilikuwa na mabonge. Akafanya alama ya musalaba. Akakata tonge, akatafuna muda murefu, macho yamefungwa, sisi wawili tumesimama mbele yake kama watu wanaongoja matokeo ya examen.

"Haijaiva," akasema.

Akakata nyingine, kubwa kuliko ya kwanza.