Mama wa Mapacha

Ndoa ya Kidawa na Mufutau ilikuwa na ugomvi mmoja tu wa kuchekesha, nao waliutunza kama watu wanavyotunza sahani za harusi, yaani hutolewa mgeni akija. Ugomvi wenyewe ulikuwa huu: kati ya watoto wao pacha, mkubwa ni nani?

Kidawa ni mtu wa Tanga. Kwao aliyetangulia kutoka ndiye Kulwa, ndiye mkubwa, na anayemfuata ni Doto. Hilo halina mjadala. Mufutau naye ni Myoruba wa Abeokuta, Nigeria, na kwao mambo yako kinyume. Aliyetangulia huitwa Taiwo, na ndiye mdogo. Wa nyuma, Kehinde, ndiye mkubwa, kwa sababu akiwa bado tumboni alimtuma mwenzake atangulie akaitazame dunia kama inakalika. "Tangu lini mdogo akamtuma mkubwa?" Mufutau alikuwa akiuliza, na wageni wakicheka. Kwenye vyeti waliandikwa Hassan na Hussein, na hapo hapakuwa na la kugombania. Nyumbani kila mzazi alishika majina ya kwao, na watoto waliitika yote, kwa Kiingereza.

Waliishi La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kidawa alisuka nywele saluni, Mufutau alitengeneza simu kwenye kibanda cha pembeni mwa barabara. Na mwaka ule wa 2012, Mnaijeria katika Johannesburg alikuwa na kesi kabla hajafungua mdomo. Akitafuta chumba, kimeshachukuliwa. Mteja akimpa simu aitengeneze, anamsimamia kichwani mpaka airudishe. Polisi walishamwaga sanduku lake la vifaa chini wakitafuta unga, wakakuta bisibisi, wakaondoka bila hata kumwambia pole. Saluni, wenzake Kidawa walimsifia mume: mtu mwema, mpole, ingawa ni Mnaijeria. Hiyo "ingawa" ndiyo iliyokuwa ikimchoma Kidawa.

Sasa siku moja Mufutau alifunga kibanda mapema akawafuata watoto shuleni. Langoni mtoto mmoja akamwuliza Kulwa kama yule Mnaijeria ni baba yake. Kulwa, mwenye mwili mgumu na mdomo mwepesi, akamtazama baba yake usoni.

"Hapana," akasema. "Ni fundi simu wa mtaani kwetu."

Doto akaangalia viatu vyake. Mufutau hakupiga wala hakukemea. Alifika nyumbani akakaa kitandani na viatu miguuni, chakula hakukigusa. Kidawa alipoelezwa aliinuka na mwiko ili amtie Kulwa adabu, mumewe akamshika mkono. Mtoto hana kosa, alisema, mji ndio umemfundisha. Kidawa akakumbuka usemi wa kwao kwamba mkataa kwao mtumwa, akautamka. Afadhali angeumeza, maana Mufutau alimtaka aurudie, akauwaza, kisha akasema kwamba yeye hakuvuka nchi zote hizo aje kuzaa watumwa.

Dada yake Mufutau, Sikirat, alikuwa mjini kununua bidhaa, na Jumamosi angerudi Abeokuta. Bibi wa watoto alikuwa akiomba mjukuu wa kumlea tangu zamani.

"Mkubwa ataenda kwa Mama," Mufutau akasema. "Akae huko ajue yeye ni nani. Mmoja tu."

Kidawa alilia, halafu akakubali. Tusimfichie aibu yake: alikubali haraka kuliko inavyompasa mama. Moyoni mwake Kulwa alikuwa ameshafungiwa begi. Kulwa ungemchomeka popote kama kijiti cha muhogo, angeota. Doto alikuwa na pumu. Tangu azaliwe, Kidawa alikuwa halali vizuri mpaka amsikie anavyopumua, na huyo hakuwahi hata siku moja kumfikiria kuwa mbali naye.

Siku ya pili yake Mufutau alirudi kutoka kliniki na Doto. Mtoto alikuwa na plasta begani, amedungwa sindano ya homa ya manjano, ile anayodungwa msafiri.

Kidawa aliuliza kwa nini Doto. Mufutau alishangaa kweli, hakuigiza. Walikubaliana mkubwa, na mkubwa ni Kehinde. Ule ugomvi wao wa sahani za harusi ukawa umelala sakafuni katikati yao, na hakuna aliyecheka. Kidawa alisema amelaghaiwa. Mufutau akamjibu kwamba mila ya kwao aliijua miaka yote, na aliicheka mbele za wageni. Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimtia Kidawa hasira zaidi.

Alipoona mume habembelezeki, aliamua kumruka. Asubuhi, Mufutau akiwa kibandani na watoto, kwa alivyodhani, wakiwa uani, alimpigia simu mama mkwe. Akapiga magoti juu ya zulia la plastiki, kama wake wa Kiyoruba wanavyowaamkia wakubwa zao, ingawa hakuna aliyekuwa akimwona. Alizungumza Kiingereza, polepole, ili mama mkwe amwelewe. Akaeleza habari za pumu. Kisha akasema lililompeleka.

"Mama, mchukue Taiwo. Taiwo ana nguvu. Niachie Kehinde wangu."

Mtandao ulikuwa mbaya, ikabidi alirudie. Mara ya pili alilisema kwa sauti kubwa.

Mama mkwe alipojibu, sauti yake ilikuwa ya upole, na hapo ndipo Kidawa alipoogopa.

"Iya Ibeji," alisema, yaani mama wa mapacha, jina la heshima alilomwita tangu siku ile walipozaliwa. "Nani amekudanganya kwamba mapacha hugawanywa? Roho yao ni moja. Mimi niliomba mjukuu, sikuomba nusu. Na waje wote wawili."

Akamwombea dua ndefu, akakata simu. Jioni habari zikaja kwamba baba wadogo wa watoto, walioko Lagos, wameshashughulikia tiketi ya pili.

Lakini asubuhi ile ile, Kidawa akiwa bado amepiga magoti, pazia lilitikisika. Kulwa alikuwa amesimama nyuma yake, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alikaa chini akavaa kiatu cha pili, akafunga kamba vizuri, akatoka. Kidawa angetoa chochote mtoto yule aulize.

Mufutau alipopata habari alikaa karibu na mkewe. Amri ya mama yake hakuwa na ubavu wa kuivunja.

"Mimi nilitaka nikuachie mmoja," akasema.

Siku zilizobaki Kidawa alihangaika na Kulwa. Alimpikia pilau, akamnunulia viatu vya mpira alivyokuwa akivililia. Kulwa alikula, akashukuru, akavaa. Kidawa alimweleza kwamba ni kwa sababu ya pumu ya mwenzake, si kwamba hampendi.

"Sharp, Mama," Kulwa alijibu, yaani sawa kwa lugha ya mtaani, kama anavyomjibu mtu aliyempisha njiani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu huu Kidawa aliutafuta mwenyewe kwa simu yake.

Jumamosi uwanja wa ndege ulijaa. Sikirat alitangulia na makaratasi, na pale wasindikizaji wanapoishia akasimama kusubiri. Doto alikuwa akilia mpaka kifua kinapiga filimbi. Kidawa naye alikuwa amejishika mdomo. Askari mwanamke aliyekuwa mlangoni akawaonea huruma, akainama kwa watoto, akawauliza yule mama anayelia ni nani wao.

Doto hakuweza kusema. Kulwa akamzungushia mwenzake mkono mabegani, akajibu kwa niaba ya wote wawili.

"Ni mama yake huyu."

Askari alitabasamu, akadhani mtoto amekosea maneno. Mufutau, aliyewahi kusimama penye lango jingine akasikia neno la namna hiyo, ndiye aliyeelewa mara moja, akautafuta mkono wa mkewe. Kulwa akatangulia kupita, kama alivyotangulia kuzaliwa, na Doto akamfuata.