Gari la Mtaliano Kisiwani Manda

Famau wa Matondoni alikuwa fundi wa majahazi, na majisifu yake yalikuwa makubwa kuliko chombo chochote alichowahi kukijenga. Kwa hiyo aliposema kwamba Ijumaa, baada ya sala, gari la Mtaliano litakwenda, watu walicheka, kisha wakajazana mashuani kuvuka kwenda Manda. Nani angekubali kuhadithiwa? Amu, ndio mji wa Lamu, haikuwa na gari hata moja, na katika vichochoro vyake punda wawili wakikutana sharti mmoja arudi nyuma.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la mashindano, la viti viwili, lenye pua ndefu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Mtaliano mmoja alilikimbiza kutoka Kismayu, likamfia Kiunga, akaliacha hapo na kushika njia kwa miguu. Miaka kadhaa baadaye Abdulghafur, mfanyabiashara wa Amu, alilinunua kwa wavuvi waliokuwa wakianika nyavu juu yake. Mjini halikuwa na pa kupita, akaliteremshia Manda, kando ya kiwanja cha ndege, akalijengea banda la makuti. Kuku wakahamia. Siku moja mzee huyo, mbele ya mkewe Bi Umi, akamwambia Famau, "Ukilifufua, ni lako." Mwaka haukwisha, akafariki.

Famau alilivua gari likabaki mifupa. Chini ya bati akakuta mbavu za mbao zilizoliwa na mchwa, akafurahi kama aliyeona jamaa yake ugenini, maana mbavu za mbao ndiyo kazi yake. Alichonga mpya za mbambakofi, akazipaka sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka majahazi, na upepo ulipogeuka harufu ilivuka mpaka Amu. Injini iliamshwa na Ridhwani, fundi wa mitambo ya boti ya serikali. Usukani Famau aliufunga mwenyewe pasipo kumwuliza mtu, kwani kuuliza hakukuwa katika tabia zake.

Ndipo alipotokea Abdulkadir, mtoto wa ndugu wa marehemu Abdulghafur, kutoka Mombasa. Huyu alikuwa na gari lake huko na aliliendesha kila siku. Alidai kwamba maneno ya marehemu yalikuwa mazungumzo tu, na gari ni urithi. Bi Umi akashikilia kwamba alisikia kwa masikio yake. Wakavutana, mwisho wakakubaliana: gari likifika mwisho wa kiwanja na kurudi, ni la Famau, likishindwa, Abdulkadir alipakie aende nalo. Famau aliitikia kwa majisifu yake ya siku zote. Lakini moyoni alikuwa amelipenda gari lile kupita kiasi.

Ijumaa ikafika. Famau akapiga bismillahi, akakanyaga, injini ikanguruma, na watoto wakakimbilia kwa mama zao. Gari likatoka. Bati likatetemeka, vumbi likapanda, kofia ikamruka, naye hakuwa na habari nayo. Alikwepa shimo, akakwepa mbuzi, akazunguka mwisho wa kiwanja na kurudi akicheka peke yake. Maishani mwake hakuwahi kuona raha ya namna ile. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka.

Abdulkadir hakupiga makofi. Alisema kitu kilichofufuka humtii kila mtu, akaomba naye ajaribu. Famau, kwa kiburi chake, akamkaribisha. Abdulkadir akaketi kama mwenye mali, akaondoka kwa kasi, akakata kulia kumkwepa yule mbuzi. Gari likaenda kushoto. Akakata zaidi, nalo likazidi, likaingia vichakani. Akatoka na miiba kwenye kanzu.

Ridhwani akajiingiza chini ya gari, akatoka ameduwaa. Usukani ulikuwa umefungwa juu chini: ukizungusha kulia, magurudumu yanakwenda kushoto. Famau akaitazama mikono yake. Tangu utotoni alikuwa ameshika kana, ule mti wa kuongozea jahazi, ambao husukumwa kushoto ili chombo kiende kulia. Mikono yake ilikuwa imeona sawa kabisa. Mbele ya kaumu yote ile, fundi mkubwa alikuwa amefunga kinyume, na gari lilikuwa linamponyoka.

"Basi halikufufuka," Abdulkadir alisema, akichomoa miiba. "Gari gani hili, haliendeshwi ila na mtu mmoja?"

Famau akageuka. Akamtazama Bi Umi, aliyekuwa ameketi kivulini mwa banda, buibui limemfunika.

Bi Umi akainuka. Akaja polepole mpaka vichakani, akalipangusa vumbi gari kwa ncha ya buibui.

"Marehemu alinena, ukilifufua," alisema. "Mimi nilikuwapo. Limekwenda na kurudi. Hakunena limtii nani."

Hakuna aliyembishia, hata Abdulkadir. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika upande wa nyuma wakalisukuma kutoka miibani. Bi Umi akangoja likae sawa kiwanjani, kisha akamwambia Famau afungue mlango wa pili. Famau akaufungua, akamsaidia kupanda, akazunguka kwenda kushika usukani wake.