Sindano Kwenye Koti la Nesi

Mpango wa matunzo ya Fundi uliandikwa ndani ya ofisi ya zahanati, mlango umefungwa, Fundi mwenyewe yuko benchini nje. Juu ya kichwa chake palibandikwa tangazo: MGONJWA KWANZA. Na kweli alikuwa wa kwanza, maana alifika saa moja asubuhi.

Alichotaka ni kimoja tu: ufunguo wa chumba ambamo dada yake alifungia cherehani na mkasi. Miaka miwili nyuma, alipougua akili, alikatakata nguo zote za wateja, hata gauni la bibi harusi. Hakulikana hilo. Lakini sasa dawa alimeza, usingizi alilala, na mikono kukaa bure ilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Dada naye, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Nesi wa mtaa akapita mbio na mafaili. Koti lake jeupe likanasa kwenye kitasa, likapasuka begani.

"Fundi, niokoe. Wakubwa wako ndani."

Fundi akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati, uzi tayari. Hajafika nusu, Nesi akaitwa. Akaingia na sindano ya Fundi inaning'inia mgongoni.

Baadaye Fundi akaitwa kutia saini. Mezani walikaa daktari, afisa ustawi, Nesi na dada yake. Fundi akasoma fomu taratibu: "Matakwa ya mhusika: anaomba asishike kitu chochote chenye ncha."

"Niliomba lini?"

"Ni kwa usalama wa wote," daktari akasema kwa upole. Mgonjwa haulizwi uji, wahenga walisema. Hapa hata matakwa yake alipikiwa.

"Sawa. Ila Nesi, usiegemee kiti. Sindano yangu bado iko mgongoni kwako."

Daktari akasogeza kiti nyuma. Nesi akapapasa bega, akaona haya waziwazi. Kisha akainuka, akampa Fundi mgongo.

"Malizia."

Fundi akashona bila haraka, vidole viwili kutoka shingo ya mtumishi wa serikali. Akakata uzi kwa meno, maana mkasi ulikuwa kifungoni.

Dada yake aliitazama mikono ile mpaka mwisho. Akafungua mkoba, akaweka ufunguo juu ya karatasi.

"Lakini fomu imeshagongwa muhuri," afisa ustawi akasema.

"Basi itunzeni," dada akajibu. "Twende, mdogo wangu. Bado unadaiwa gauni."